Kitanda Kisichotiwa Gundi

Hebu niambie wewe unayesikiliza: umewahi kuona rafu ya vyombo yenye miguu minne, fito pande zote kama uzio, na kimo cha kufika kiunoni kwa mtu mzima, kana kwamba sahani zina mpango wa kutoroka? Hujaona. Wala Mzee Futi, aliyeitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, hakuwahi kuona. Lakini ndivyo alivyosema kuwa ni rafu ya vyombo, tena alisema mchana kweupe, penseli sikioni, na yeye ni mzee wa kanisa.

Mzee Futi alikuwa fundi seremala. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo kama watu wote, lakini mtaani lilikwisha kusahaulika kwa sababu ya ile futi ya chuma ya kujikunja, aliyoining'iniza kiunoni tangu anapovaa suruali asubuhi mpaka anapoivua. Alikuwa mtu wa kupima. Ubao aliupima mara tatu kabla ya kuugusa kwa msumeno. Mkewe akimwambia, "Sogea kidogo," alitaka kujua kidogo ni kiasi gani. Hata sala zake za zamani zilikuwa na vipimo. Hakuomba mvua tu. Aliomba mvua ya kujaza lile pipa lililo chini ya mchirizi wa bati, tena isije na upepo wa kuezua karakana. Kanisani watu walicheka chinichini, lakini walipenda awaombee wagonjwa wao, maana mwenye goti bovu alirudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba Mungu ameelezwa ni goti la upande gani.

Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, bati juu, ukuta pande tatu, na upande wa nne wazi kuelekea uani, kwa hiyo anayeingia nyumbani na anayetoka wote walipita mbele yake. Ndani mlikuwa na meza nene ya kufanyia kazi, jiriwa la kubania mbao, patasi saba zimepangwa ukutani kwa ukubwa wake kama watoto wanaopigwa picha, na sakafuni maranda yaliyojikunja, ambayo mkewe aliyachukua kila jioni kuwashia moto.

Katika nyumba hiyo walikaa watu wanne: Mzee Futi, mkewe, mtoto wao wa kiume ambaye alikuwa mpaka rangi wa nyumba za watu, na mke wa huyo mtoto, ambaye kila mtu, hata wakwe zake, alimwita Mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza. Alikuwa na sauti moja ya darasani ambayo ikitoka, watoto hamsini wananyamaza na kuku wa jirani wanasimama mguu mmoja. Nyumbani sauti hiyo hakuitumia. Nyumbani alikuwa mpole, tena siku hizi mpole kupita kiasi.

Sasa nieleze ilivyokuwa, maana bila hilo utamwona Mzee Futi ni mwongo wa kuzaliwa, na sivyo.

Miaka mitatu nyuma, Mwalimu alipopata mimba ya kwanza, Mzee Futi alitupa kazi zote za watu pembeni akatengeneza kitanda cha mtoto. Siku sita. Siku ya saba akakipaka vanishi, hata hakupumzika. Kanisa zima liliomba. Yeye mwenyewe aliomba kwa vipimo, akamwambia Mungu uzito na mwezi na hata akataja masikio, kwamba yasifanane na ya kwake. Mwezi wa tano mimba ikatoka.

Kitanda kilikaa chumbani kwa vijana wiki tatu. Hakuna aliyejua kukifanyaje. Mwisho Mzee Futi akaingia, akakibeba, akakirudisha karakana. Na kwa kuwa alikuwa amekiunga kwa gundi nzuri, hakikukubali kufunguka. Ilimbidi akate kwa msumeno, ungio moja baada ya jingine, na mlio ule ulikwenda mpaka chumbani. Alijua Mwalimu yuko ndani. Alijua anasikia. Alikata huku meno yameumana, na alipomaliza alizifunga mbao kwa kamba akazipandisha juu ya dari.

Mara ya pili hakutengeneza chochote. Walifunga siku tatu, watu wanne nyumba nzima, hata yule mpaka rangi akaanguka kutoka ngazi ya pili kwa njaa, na ahimidiwe Mungu ilikuwa ngazi ya pili tu. Mimba ikatoka tena.

Tangu hapo sala za Mzee Futi zikaishiwa vipimo. Aliendelea kuomba, hakuacha hata siku moja, lakini aliomba hivi: "Bwana, wewe unajua." Basi. Kama mteja anayeingia karakana akasema, "Fundi, nitengenezee kitu," halafu akaondoka.

Na sasa Mwalimu alikuwa na mimba ya tatu. Miezi saba. Ilikuwa haijawahi kufika huko. Tumbo lilitangulia mlangoni na yeye akafuata, lakini ndani ya nyumba ile hakuna aliyelitaja. Walisema "hali." "Kwa hali yako usiiname." "Kwa hali hiyo kaa kwenye kiti chenye mgongo." Walimchotea maji, walimbebea madaftari, na walipoongea naye walimtazama kwenye paji la uso, macho yasishuke. Waliona wanamlinda. Kama wakinyamaza vizuri, pengine huzuni itapita nyumba hii bila kujua kuna kitu.

Lakini mikono ya fundi ni mikono ya fundi. Jumanne moja Mzee Futi alipanda darini kutafuta kipande cha ubao kwa ajili ya mlango wa mtu, akashuka na lile furushi la mbao lililofungwa kamba. Akaiambia mikono yake kwamba inapanga tu. Halafu akaiambia inapiga msasa tu. Zile fito zilikuwa zimepungua upana wa kidole kila upande kwa sababu ya msumeno, kwa hiyo akachonga ndimi mpya kwenye ncha zake na kutoboa matundu mapya kwenye nguzo, na kufikia Ijumaa ulimi uliingia kwenye tundu lake kwa mlio ule mdogo, *tk*, ambao fundi akiusikia hutabasamu bila kupenda.

Gundi hakutia. Hapo ndipo alipomwekea Mungu mpaka. Alikisimamisha kitanda kikavukikavu, kila ulimi umekaa tunduni kwa kubana tu, ili lolote likitokea kifunguke kwa dakika moja, kimyakimya, na mtu asisikie tena msumeno. Juu yake akafunika turubai.

Basi hapo uongo ukaanza.

"Hicho nini?" mkewe aliuliza, amekuja kuchukua maranda.

"Stendi ya ndoo."

"Ya ndoo ngapi? Maana hapo inakaa familia ya ndoo."

"Mteja ana ndoo nyingi."

Mkewe alimtazama kitambo, akabeba maranda yake akaenda zake akivuma wimbo wa kanisani puani. Mwanawe alipouliza, akamwambia ni banda la sungura. "Sungura wa nani, Mzee?" "Wa mtu." Chakula cha jioni kikawa na balaa, maana mwana alisema, "Lile banda la sungura limetoka vizuri," na mama akasema, "Banda gani? Ile stendi ya ndoo?" na Mzee Futi akapaliwa na maji mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Mwalimu aliendelea kula, ameinamisha kichwa, ila mabega yalitikisika kidogo kama ya mtu anayezuia kikohozi, au kitu kingine.

Na kulikuwa na jambo jingine dogo. Kila jioni Mzee Futi alipofunua turubai, alikuta alama nyeupe juu ya ule ubao wa mbele, ule ambao mama huegemea akimtazama mtoto. Alama kama za vidole. Alifuta kwa kitambaa. Kesho yake zikarudi. Akadhani ni vumbi, akadhani ni chokaa ya ukutani. Akafuta tena. Ikawa ni kazi yake ya kila siku, wiki hadi wiki, kufuta, na hakumwambia mtu.

Jumatano ilikuwa siku ya maombi. Watu kama kumi na watano hukutana kanisani jioni jua likiwa bado, kwenye mabenchi ambayo yeye mwenyewe aliyatengeneza, na mzee wa zamu huuliza, "Nani ana hitaji?" Zamu ilikuwa ya Mzee Futi. Mmoja akataja shamba, mwingine akataja kesi, mama mmoja akataja mume anayekoroma, watu wakacheka wakasema amina. Halafu Mzee Futi akaona mkono wa Mwalimu unapanda. Ulifika usawa wa bega. Macho yao yakakutana, na yeye, mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye mvi, akashikwa na hofu ya kuisikia sala hiyo ikisemwa kwa sauti, maana ikisemwa kwa sauti inaweza kukataliwa kwa sauti. Akafumba macho upesi.

"Na wote wenye mahitaji mbalimbali," alisema, "Bwana, wewe unajua."

Alipofumbua, mkono ulikuwa umeshashuka. Mwalimu alikuwa akilaza vizuri pindo la gauni lake juu ya tumbo, polepole, kama mtu anayemfunika aliyelala. 

Kesho yake akaja Mama Mchungaji.

Huyu ni mke wa mchungaji wao, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye kicheko kinachofika mahali kabla yake. Alileta kigoda kilichovunjika mguu. Mzee Futi alipoinama kutafuta kipande cha kufaa, Mama Mchungaji, ambaye Mungu alimpa vyote isipokuwa uwezo wa kuona kitu kimefunikwa akakiacha hivyo, alinyanyua turubai.

"Ehee! Mzee Futi, hiki nini?"

Ndoo alikuwa amekwisha kuzitumia, na sungura pia. "Rafu ya vyombo," alisema.

Mama Mchungaji alikizunguka. Aligusa fito moja moja. "Na hizi?"

"Zinazuia sahani zisianguke."

"Pande zote nne?"

"Sahani ni sahani, Mama Mchungaji. Huwezi kujua itaelekea wapi."

Alimtazama Mzee Futi kwa muda mrefu, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri mazuri. Kisha akapiga makofi. "Ndiyo hiyo! Siku zote nalia na vyombo vyangu. Naichukua. Jumamosi saa nne nakuja na mkokoteni."

"Lakini Mama Mchungaji, hii..."

"Ina mwenyewe?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu, ndiyo. Mzee Futi alifungua mdomo, na lile neno likakwama, kwa sababu akisema ina mwenyewe ataulizwa nani, na akimtaja atakuwa amelitaja lile lisilotajwa.

"Haina," alisema.

"Basi Bwana asifiwe," akasema Mama Mchungaji, na akaondoka kwa furaha zake, kigoda akakisahau.

Ijumaa yote Mzee Futi alihangaika kutengeneza rafu ya vyombo ya kweli ili abadilishe. Aliharakisha. Kwa mara ya kwanza tangu awe fundi alikata bila kupima, na rafu ilipomalizika ilisimama ikitikisa mguu mmoja kama mbuzi anayefukuza nzi. Akajisemea moyoni kwamba labda ndiyo vizuri. Labda kitanda kiende zake. Labda Mungu mwenyewe amemtuma Mama Mchungaji akiondoe kabla hakijaleta machozi. Lakini mawazo hayo kila alipoyapima hayakukaa sawa.

Jumamosi saa nne kamili mlio wa gurudumu bovu ukasikika njiani, na Mama Mchungaji akaingia uani akisukuma mwenyewe mkokoteni aliouazima kwa muuza maji, kilemba kimeenda upande. Mke wa Mzee Futi alikuwa akianika nguo. Mpaka rangi alikuwa amekaa kwenye ngazi akisafisha brashi zake kwa mafuta ya taa. Mwalimu alikuwa kizingitini, kwenye kiti chenye mgongo, na rundo la madaftari, kalamu nyekundu, na kibao cha herufi alichokuwa amekiandika kwa chaki.

"Hodi wenye nyumba! Nimefuata rafu yangu."

"Karibu, Mama Mchungaji. Ipo tayari," alisema Mzee Futi, na akamsogezea ile ya Ijumaa. Ikatikisa mguu.

"Hii siyo. Mimi nataka ile yenye uzio."

"Hii ndiyo mpya. Ya kisasa."

"Mzee Futi, hii ikipigwa na upepo itaingia yenyewe kanisani kutubu. Nipe niliyoichagua." Akapita, akavuta turubai. Kitanda kikasimama pale katikati ya maranda, jua limekipiga, kila mtu anakiona. Mke wa Mzee Futi alishika shuka iliyolowa kifuani. Mpaka rangi aliacha brashi ndani ya kopo.

Hakuna aliyesema "ndoo." Hakuna aliyesema "sungura."

Mama Mchungaji akashika kichwa cha kitanda. "Haya, Mzee Futi, shika huko tuinue."

Akashika. Wakainua, na kwa kuwa hakikuwa na gundi, fito mbili zikachomoka zikaanguka sakafuni, *ko, ko,* na nguzo moja ikaanza kulegea.

"WEKENI CHINI!"

Ilikuwa ile sauti ya darasani. Mama Mchungaji aliweka chini. Mzee Futi aliweka chini. Mpaka rangi, ambaye hakuwa ameshika kitu, aliweka chini kopo la mafuta ya taa, na kuku wa jirani wakasimama.

Mwalimu aliinuka, madaftari yakamwagika, akavuka uani kalamu nyekundu mkononi. Alifika akaokota zile fito mbili, moja moja, akipiga magoti kuzifikia kwa sababu alikuwa hawezi tena kuinama, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Hii si rafu," alisema. "Ni kitanda cha mwanangu. Hakiendi popote."

Akaweka mkono juu ya ule ubao wa mbele kujiinua. Alipoutoa, Mzee Futi akaona alama nyeupe za vidole. Chaki. Chaki ya darasa la kwanza. Alikuwa akizifuta wiki tatu.

"Wewe?" alisema. "Ulikuwa unakuja hapa?"

"Kila siku nikitoka shule, Baba, ukiwa ndani unakunywa chai. Natia mkono chini ya turubai, nakishika kidogo, naenda."

"Mbona hukusema?"

"Mbona ninyi hamkusema?" Sauti ilikuwa imeshuka lakini bado ilikuwa na darasa ndani yake. "Miezi saba, Baba. Miezi saba nakaa na watu wanaonitazama paji la uso. Hali, hali! Mimi sina hali, mimi nina mtoto. Anapiga mateke nikisahihisha hesabu. Akisikia mama anavuma nyimbo jikoni anatulia. Sina wa kumwambia, maana nikianza mnatafuta kazi ya kufanya."

Mzee Futi aliitazama mikono yake. "Mwanangu," alisema, "mimi nakumbuka ule msumeno. Najua uliusikia. Niliapa hutausikia tena. Ndiyo maana sikutia gundi."

"Niliusikia," alisema Mwalimu. "Na nililia. Lakini Baba, ule msumeno ndio ulikuwa sauti pekee katika nyumba hii iliyosema kwamba palikuwa na mtoto. Ulipomaliza kukata, hakuna aliyesema neno tena. Wale wawili niliwaomba kwa Mungu, hakunipa, na sijui kwa nini. Nimemuuliza, bado namuuliza. Lakini huyu yupo leo. Nikisubiri mpaka nisiogope ndipo nimfurahie, nitamfurahia lini? Naogopa kila asubuhi. Basi kama ni kuogopa, niogope nikiwa na kitanda." Hapo midomo ikaanza kumcheza. "Mimi nilitaka kitu kimoja tu tangu mwezi wa kwanza. Nilitaka mtu aniambie hongera."

Mke wa Mzee Futi aliitupa ile shuka chini, shuka safi, mchangani. Akaingia ndani mbio, mwanamke wa miaka sitini na tatu, wakasikia mfuniko wa sufuria ukianguka. Akatoka na ile sufuria kubwa isiyotumika ila kwenye harusi, akaipindua mbele ya Mwalimu. Zikatoka fulana sita ndogo, soksi zisizozidi kidole gumba, na blanketi la kufuma.

"Hongera, mwanangu," alisema huku akilia na kucheka. "Hongera, hongera, hongera. Nilikuwa nafuma ukiwa shule. Nikamwambia jirani ni vifuniko vya birika."

"Birika lenye miguu miwili?" aliuliza Mama Mchungaji.

Mpaka rangi naye alikuwa ameshuka ngazi. Alitokea nyuma ya nyumba na kopo la rangi lililoandikwa YA MTEJA. "Ni ya njano," alimwambia mkewe, masikio yake, yale masikio ya baba yake, yamewaka. "Ya chumba chetu. Nimeichanganya tangu mwezi wa tatu. Hongera, mke wangu. Nisamehe."

Mama Mchungaji alikaa juu ya mkokoteni akicheka. "Jamani, jamani! Rafu, birika, mteja! Nyumba ya mzee wa kanisa, na hamna mkweli hata mmoja! Ningejua dawa ni mkokoteni, ningeuazima mapema."

"Kumbe ulijua?" alisema Mzee Futi.

"Mzee wangu, nimelea sita. Mimi nisijue kitanda? Nilikupa nafasi useme ina mwenyewe. Ukasema haina! Nikasema haya, tutaona nani atazuia."

Mwalimu alikuwa amekaa juu ya maranda, soksi moja amevaa kidole gumba, anaichezesha, anacheka na machozi yanamtiririka na hayafuti. Mzee Futi hakuwa amemwona akicheka hivyo kwa miaka mitatu. Akamsogelea, akachutama, magoti yakalia. Akamtazama, si paji la uso, akalitazama tumbo lile waziwazi, kama mtu anavyotazama kazi nzuri ya fundi mwingine.

"Hongera, Mwalimu," alisema.

"Asante, Baba. Sasa kiunge."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nione."

Gundi ilikuwa kwenye kopo juu ya rafu ya patasi, na kijiti cha kupakia kimesimama ndani. Mzee Futi alichomoa ulimi mmoja baada ya mwingine, akapaka, akarudisha tunduni, akafuta ilipofurika kwa kitambaa kibichi. Alifanya kazi upesi, kwa maana gundi haingoji, na ikishika hairudi nyuma. Siku nyingine angetumia kamba na vibanio vinne vya chuma. Siku hiyo alisema, "Njooni mshike," na wakaja: mkewe nguzo ya kushoto, mwanawe ya kulia, Mama Mchungaji nyuma, kilemba kimeshaanguka kabisa, na Mwalimu akaegemea ubao wa mbele, pale penye chaki, tumbo likiwa limegusa fito. Mzee Futi akafunga kamba katikati akaikaza.

"Msiachie," alisema. "Mpaka niseme."

"Mpaka lini?" aliuliza mkewe.

"Muda wa sala moja."

"Ile yako fupi au ya zamani?"

Wakamtazama. Maranda yalinukia mbao mpya. Mzee Futi alitoa penseli sikioni akaiweka mezani, akaweka viganja vyake juu ya kitanda. Hakufumba macho, kwa maana ilibidi aangalie maungio.

"Bwana," alianza, "wewe unajua..."

Mkewe akakohoa kidogo. Mwalimu akainua mkono, ule mkono wa Jumatano, na safari hii ukapanda mpaka juu kabisa kama wa mtoto anayejua jibu, halafu ukashuka ukatua juu ya mkono wa baba mkwe wake.

"Bwana, unajua," alisema Mzee Futi tena, "lakini acha nikwambie mwenyewe. Wale wawili tulikuomba na hukutupa, na mimi nikakasirika nikakunyima maneno. Leo nakupa. Nataka mjukuu. Kilo tatu na robo. Ikiwa tatu kamili sitalalamika. Nataka alie, tena kwa nguvu, nimsikie kutoka chumbani kule mpaka kwenye meza hii. Ni hatua ishirini na mbili, nimezipima. Nataka mama yake akae naye na azeeke akimgombeza. Masikio mpe yoyote, hata haya yangu. Gundi nimeshatia, Bwana, umeona. Mikono inanitetemeka, hiyo nayo umeona. Naogopa, na namtaka. Huyu mtoto namtaka sana."